Kipimo cha Fremu

Mchwa walianzia kona ya chini, kushoto,
wakala msonobari wa Ulaya hadi ukawa chenga,
ndipo Bi Agnesi Farajala akanipigia simu:
"Fundi Vuai, njoo Mbweni. Ibrahimu anaanguka."

Nikenda na futi, patasi na gundi.
Picha iko chumba cha nyuma ya kanisa,
baina ya ngoma za kwaya na mifuko ya saruji:
mzee, kijakazi, mtoto, mlango.
"Hajiri," akasema, akiipangusa kwa ncha ya kanga.
"Kwetu ni Bi Hajra. Dada yangu anaitwa hivyo."
"Haya basi, dada yako huyo anafukuzwa."

Nikaitazama.
Aliyechora alikuwa na rangi nyeupe ya kuchezea,
akaimalizia yote kwenye ndevu.
Mkono mmoja wa mzee unabariki,
wa pili unasukuma,
ukiangalia haraka utadhani ni mkono mmoja.
Sara yuko dirishani, kafunga kola hadi kooni
kama mwalimu wa kushona.
Mkate umechorwa vizuri, mtu angeula.
Hajiri anatazama pembeni, kwenye ubao wa fremu,
kama aliyesikia humo jina lake.
Na machozi! Matatu, kila moja na nukta ya mwanga,
yamepangwa shavuni kama vifungo vya kanzu.

"Unayaona? Ya kitunguu hayo," akasema Bi Agnesi.
Bibi mzaa bibi yake alikuwepo siku hiyo.
Msichana wa kuchorwa alitolewa darasa la cherehani.
Aliletwa na manuwari akiitwa Zafarani,
akabatizwa Ruthi, akapewa gauni
na kitanda namba kumi na nne.
Wakamwambia: simama hapa, shika kiriba, lia.
Hakulia.
Wakamwambia: mkumbuke mama yako.
Akawatazama tu. Huyo hakuwa wa kukopesha.
Basi akaitwa mpishi.

Ikatundikwa pale wasichana wanaposhonea
wajifunze, sijui, utiifu au shukrani,
au kwamba mlango ukifungwa nyuma yako
lipo andiko lake.
Wageni wa ng'ambo walisimama mbele yake
wakatoa leso.
Sanduku la sadaka halikuwa mbali.

Mie sikutoa leso. Nilikuwa na misumari mdomoni.
Lakini ule mkono.
Nina miaka sita, Makunduchi, asubuhi,
mama kashika furushi na birika,
baba anamwombea safari njema
kiganja chake kikiwa mgongoni kwa mama.
Hakuna aliyetuchora.
Mama hakulia mpaka tulipofika Muyuni,
na pale alilia kwa kuwa nilimwaga maji.

Nikang'oa fremu.
Chini ya ubao wa kulia,
mahali ambapo hapajaona jua tangu siku ya kwanza,
inchi mbili za kitambaa, rangi mbichi kabisa:
mchanga, kokoto,
na buluu. Buluu ya mviringo.
"Bi Agnesi, njoo na miwani."
Akainama. Akanyamaza muda wa kutosha kukoka moto.
"Kisima," akasema.
"Zamzam," nikasema mie.
Hapo ndipo nikajua yale macho
hayakuwa na habari na mzee hata kidogo.

Nani alikata kipimo?
Mchoraji, seremala, au aliyelipa?
Fremu haitiwi sahihi.
Padri anataka ileile, ukubwa uleule,
kaandika na karatasi: futi tatu kwa mbili u nusu.
Bi Agnesi kaniachia ufunguo
akenda zake bila kusema neno.

Sasa niko karakana, Kikwajuni, na mninga mpya.
Nimepima mara mbili, nimekata mara moja.
Imezidi inchi mbili upande wa kulia.
Stakabadhi nimeiandika
kwa kipimo cha padri.